Taa Iliyowaka Betri Ikiwa Mikononi Mwangu

Nyinyi vijana mnaochomeka kile kidude kwenye gari, kikawaandikia ugonjwa wake kwa maandishi, hebu kaeni kidogo mnisikilize. Sisi hatukuandikiwa na mtu. Gari lilikuja bubu, na wewe ukalizunguka kama mganga, unanusa, unapapasa, unatega sikio. Halafu siku unapoupata ugonjwa! Acheni bwana. Mpaka leo nikikumbuka siku ile ya gari la Bwana Naushad nasimama peke yangu chumbani, na mke wangu ananiuliza nimeumwa na nini.

Mimi ni Ndahani, fundi umeme wa magari, mkazi wa Mkonze. Shule niliishia darasa la nne. Spana nimeziweka chini mapema kuliko wenzangu, nikiwa bado naweza kubeba betri mbili za lori, moja kila mkono, kwa sababu macho yamekataa kutofautisha waya mwekundu na wa kahawia. Fundi umeme asiyejua rangi hizo mbili ni mchoma magari ya watu. Nikaona niache kabla sijachoma.

Watu wananiambia, Ndahani, yamepita hayo, simulia lakini usitaje majina. Nitayataja. Gaspari Mlewa, foremani wetu, nitamtaja mara nyingi mpaka mchoke. Mzee Athumani mwenye gereji ameshatangulia, Mungu amrehemu, lakini naye nitamtaja. Na mimi mwenyewe nitajitaja, maana kuna mahali nilikosea, na kosa langu lilikuwa la adabu. Mtaona.

Kwanza mjue betri ilikuwa nini. Kabla serikali haijafungua biashara kwa watu, betri mpya Dodoma ilikuwa kama ng'ombe wa mahari. Uliandika barua, ukapata kibali, ukangoja, ukapewa ya saizi isiyo ya gari lako, ukashukuru. Mwenye gari jioni alifungua betri yake, akaingia nayo ndani, akalala nayo chumbani upande wa ukutani. Msicheke. Namjua mtu aliyemhamisha mtoto mkekani kwa ajili ya betri.

Gereji kwetu wezi waliruka ukuta mara moja wakaondoka na betri za magari ya wateja. Toka siku hiyo Mzee Athumani akaweka sheria: saa kumi na moja jioni, kila gari linalolala pale linafunguliwa betri, zinapangwa stoo, mlango unafungwa kwa kufuli, ufunguo anakaa nao Gaspari. Asubuhi tunazitoa, tunazirudisha. Kazi ya kuzifungua na kuzifunga ilikuwa yangu, kwa sababu ndimi niliyekuwa fundi umeme. Kisha biashara ikafunguliwa, betri zikaja za kila rangi, zimepangwa barazani kama mikate, nyingine zimepakwa rangi tu juu na ndani ni marehemu. Kufuli la stoo yetu halikupata habari hiyo. Tuliendelea kufungua na kufunga vilevile, miaka na miaka. Likamateni hilo, ndilo lililotaka kunimaliza.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Mbaruku, mzee wa mjini, wa zile familia za Kiislamu ambazo mababu zao walikuja na misafara. Kifaa chake kikubwa kilikuwa balbu ya indiketa na nyaya mbili, basi. Alisema, "Taa haina shemeji." Mtu anaweza kukudanganya kwa sababu ya shemeji yake, balbu ikiwaka imewaka. Alinifundisha pia kwamba asubuhi, kabla hujawasha gari, uweke kiganja juu ya altaneta, ile mashine inayochaji betri injini ikizunguka. Gari limelala, hakuna moto, sasa altaneta ikiwa ya vuguvugu ujue kuna mtu anakunywa umeme mle ndani. Hiyo haipo kwenye kidude chenu. Jaribuni muone.

Na kosa langu la kwanza kabisa kazini? Nilitaka kuona maji ya betri iliyokuwa kwenye chaji, seli zimefunikwa na kivuli. Nikamwambia Gaspari animulikie. Gaspari akanipa kiberiti. Nikawasha njiti nikachungulia. Betri inayochajiwa inatoa hewa inayoshika moto, hilo sikuwa nalijua, na Gaspari alilijua, aliniambia mwenyewe baadaye huku anacheka. Ililipuka kama fataki. Fundi Mbaruku alinikokota mpaka kwenye pipa la maji, akanizamisha kichwa, akanitoa, akanizamisha tena, nikadhani ananiua. Ndiye aliyeniponya. Nyusi hizi mnazoziona zina mapengo ni za siku hiyo. Njiti na betri msizikutanishe, hata kama foremani ndiye anayekupa.

Sasa gari lenyewe.

Wazungu wawili, mke na mume, walikuja na kombi yao kutoka kwao huko, walikuwa wanakwenda mpaka mwisho wa bara. Walipofika Dodoma wakachoka. Na barabara zetu za wakati ule, hata mimi ningechoka. Wakaliuza gari, wakapanda treni. Aliyelinunua ni Bwana Naushad, muuza miwani wa mjini, Mhindi wa hapahapa, aliyezaliwa hapa na kuongea Kiswahili cha hapa. Kazi yake ilikuwa kwenda minadani na sanduku la miwani, anawapima watu macho kwa kibao cha herufi, na wasiojua kusoma anawapa sindano watunge uzi. Zamani alikwenda kwa lori la mizigo. Alipolipata lile gari akawa mfalme, maana lilikuwa nyumba! Kitanda mle ndani, beseni la kuoshea vyombo, jiko la gesi, kabati, pazia la maua. Usukani kushoto. Gereji nzima tulitoka kuliangalia. Tukaliita Nyumba. "Nyumba imekuja." "Nyumba inavuja oili." Alisafiri nalo yeye na mkewe, Bi Khairun, na wakifika wanalala humo humo kwa heshima zao, hawaombi chumba kwa mtu.

Ugonjwa ukaanza. Jioni anaegesha kwake, gari zima. Asubuhi anazungusha ufunguo, tk. Tk tu. Betri imekufa. Akienda Kibakwe alikuwa na bahati, kule ni vilima. Aliegesha kwenye mteremko, asubuhi anaachia breki, gari linaserereka, linawaka. Lakini Chamwino ni tambarare kama meza. Chamwino alisukumwa na nusu ya mnada, na waliosukuma walitaka kupimwa macho bure.

Analivuta analeta kwetu. Tunachaji betri, tunapima chaji ya altaneta, nzuri. Gari linalala gereji. Asubuhi narudisha betri, nawasha: mara moja! Linaunguruma! Siku ya pili vilevile. Tunamrudishia. Kesho yake amerudi na kamba mbele.

Gaspari akasema betri ni mbovu, akamtafutia mpya. Ikafa. Akamtafutia ya pili. Ikafa. Ya tatu Bwana Naushad alijinunulia mwenyewe, akaipiga alama kwa tupa pembeni, mistari mitatu, bila kumwambia mtu, ili ajue ikibadilishwa. Nayo ikafa, alama zake zikiwa palepale. Siku hiyo akaja amevutwa na trekta, kanzu imejaa vumbi lote la njiani, akasimama katikati ya gereji.

"Mzee Athumani, niambie. Hapa kwenu gari langu linalala, linaamka. Kwangu linalala, haliamki. Kuna nini hapa?"

"Bwana Naushad, tulia kwanza, upate maji."

"Sitaki maji! Betri ya tatu hii. Nani ananichezea?"

Mzee Athumani akamwangalia Gaspari. Gaspari akajifuta mikono taratibu, na mimi nasimama pale na betri mkononi kama mjinga, akasema, "Mimi kazi yangu kufunga mlango. Anayezishika betri asubuhi na jioni ni Ndahani peke yake."

"Unasema nini, Gaspari?" nikamwuliza.

"Nasema unazishika. Huzishiki?"

"Nazishika."

"Basi. Wengine wanamimina asidi nzuri wanauza, wanarudishia maji ya bomba. Sisemi wewe. Nasema wengine."

Vijana, mtu akisema "sisemi wewe" mbele ya watu ishirini, amekusema wewe. Bwana Naushad alinitazama, na macho yake ya kuuzia miwani yakawa kama yamenipima yakakuta nina ugonjwa. Mzee Athumani akatoa hukumu palepale: "Keshokutwa Bwana Naushad anakwenda Kibakwe. Watu wanamngoja na macho yao. Ndahani, gari hili likimlaza tena, spana zangu utaziacha mezani."

Kufukuzwa kungekuwa nafuu. Mji ulikuwa mdogo. Bwana Naushad alikuwa mtu wa kuongea na ana hasira, akapita madukani akisema. Jioni ile nilikwenda kununua kipande cha sabuni, muuzaji akasogeza boksi la betri za tochi mbali na mkono wangu. Betri za tochi! Fundi umeme aliyeitwa mwizi wa betri atafanya kazi wapi? Arudi kulima uwele? Shamba lenyewe kaka yangu alishalichukua. Usiku huo sikula, na mke wangu hakuniuliza, maana alikuwa ameshasikia kisimani.

Kesho yake, siku moja kabla ya ile safari ya Kibakwe, nililikagua gari tangu asubuhi. Nikaweka kiganja kwenye altaneta: baridi. Nikapima asidi seli kwa seli kwa kile kipimo chetu cha kioo chenye kuelea: nzuri zote. Nikazungusha ufunguo: likawaka. Mzima! Gari lilikuwa linanifanyia stihizai. Gaspari anapita nyuma yangu anapiga mluzi.

Ikafika saa kumi na moja. Siku hiyo uwanja ulikuwa umejaa, tukalisukuma Nyumba ndani ya banda, mahali penye kivuli. Nikafungua betri kama kawaida, nikaikumbatia kifuani. Nikakumbuka nimeacha bisibisi yangu ndani, kwenye kiti. Na betri yangu mkononi nikavuta mlango kwa kidole.

Taa ya ndani ikawaka.

Hafifu, nyekundu, kama kaa la mkaa linalotaka kuzimika. Lakini imewaka! Nikafunga mlango. Ikazima. Nikafungua. Ikawaka. Nikaitazama betri kifuani kwangu. Nikaitazama taa. Nikaitazama betri. Jamani! Betri ya gari iko mikononi mwangu, na gari lina taa!

Siku zote zile nilikuwa nafungua betri uwanjani kwenye jua kali, taa hafifu kama ile nani angeiona? Nilipiga kelele. Nilisema "Mbukwenyi!" hivyo hivyo, kwa Kigogo, kama namsalimia mtu, sijui kwa nini. Gaspari akaja na funguo zake.

"Weka betri stoo, nafunga."

"Gaspari, njoo uone. Taa inawaka bila betri."

Akachungulia. Nikauona uso wake ukibadilika, kidogo tu, kama mtu aliyekanyaga kitu. Halafu akasema, "Huo ni umeme uliobaki kwenye nyaya."

"Umeme unabaki kwenye nyaya?"

"Unabaki. Kama maji kwenye mpira."

Na mimi, mtu wa darasa la nne, nusura nimwamini. Alikuwa foremani. Ila Fundi Mbaruku hakuwahi kuniambia habari ya umeme unaolala kwenye waya kama kuku bandani. Nikaenda nyumbani Mkonze kwa miguu nikikimbia nusu ya njia, nacheka peke yangu. Kesho nitawaonyesha wote!

Asubuhi wote walikuwepo. Mzee Athumani na fimbo yake. Bwana Naushad tayari kwa safari, na Bi Khairun pembeni yake na kikapu cha chakula. Gaspari na mafundi wote. Nikasimama mbele yao kama mwalimu.

"Betri iko stoo, sivyo? Mmeiona iko stoo? Sasa tazameni maajabu."

Nikavuta mlango.

Giza. Hakuna kitu. Nikafunga, nikafungua. Giza.

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. "Ndahani, taa iko wapi?" "Iko tumboni kwake, hajala toka juzi." Bwana Naushad akatikisa kichwa kwa huzuni, hakuniona hata mwizi tena, aliniona mgonjwa. Gaspari akasema kwa upole kabisa, "Si nilikwambia? Umeme uliobaki. Umeisha."

Kisha nikauangalia ule mlango. Jana kwa furaha sikuubana sawasawa, ulibaki na upenyo. Taa ile iliwaka usiku kucha mpaka ikamaliza chake! Kama kilikuwapo kitu cha kuisha, basi kulikuwa na kitu kinachoshika umeme, na waya haushiki umeme. Kitu hicho sasa kitupu, na kitupu kina njaa!

"Leteni betri," nikasema.

"Ndahani, inatosha," akasema Mzee Athumani.

"Mzee, nakuomba. Shikamoo yako. Betri tu, na dakika kumi. Zikiisha, spana ziko mezani."

Akampa Gaspari ishara. Betri ikaja. Nikafunga kichwa chanya. Kichwa hasi sikukifunga; kati yake na waya wake nikaweka balbu ya Fundi Mbaruku. Ufunguo wa gari nikampa Bi Khairun aushike yeye. Milango yote imefungwa. Gari kama hilo halipaswi kunywa hata tone, na balbu inapaswa kukaa giza.

Balbu ikawaka njano, mbele yao wote!

"Umeme huu unakwenda wapi?" nikauliza. Hakucheka mtu.

Nikaanza kuchomoa fyuzi. Hivi ndivyo mnavyotakiwa kufanya, hata leo, kidude chenu kikishindwa: chomoa moja, tazama balbu, ikizima, mwizi yuko kwenye njia hiyo. Nikachomoa ya honi. Inawaka. Ya taa kubwa. Inawaka. Ya waipa. Inawaka. Nikachomoa zote, nikazipanga juu ya bampa kama meno. Inawaka! Nikafungua waya wa altaneta. Inawaka! Mafundi wameshasogea, wananipumulia shingoni. Hata aliyesema taa iko tumboni alikuwa ananishikia spana bila kuombwa.

Nikarudi kwenye kichwa chanya chenyewe, nikahesabu nyaya. Mmoja wa stata. Mmoja wa fyuzi. Na wa tatu chini yake, mnene, mweusi, umefungwa kwa ukanda wa tyubu. Huo sikuwahi kuujali, kwa sababu kila asubuhi niliufunga pamoja na wenzake kama unavyovaa shati lako bila kuhesabu vifungo. Nikaufungua.

Balbu ikazima.

Nikaugusisha. Ikawaka. Nikautoa. Ikazima. "Washa!" wakasema mafundi. Nikawasha. "Zima!" Nikazima. Tulikuwa kama watoto. Nikalala chini na mgongo, nikaufuata ule waya kwa vidole, chini ya sakafu, umepita karibu na ekzosi, umetoboa bodi, umeingia ndani. Nikatoka, nikaingia ndani ya gari, nikapiga magoti. Waya ulitokeza pale na kuingia chini ya kitanda.

Nikasimama hapo.

Sasa ndilo kosa langu la adabu. Nililikagua gari lile mara nne, na mara zote nne mkono wangu ulifika kwenye kitanda ukarudi. Kitanda cha mtu na mkewe! Kwetu, hata ukitumwa uchukue jembe chumbani kwa mtu, hata kama mkewe hayupo, unasimama mlangoni. Godoro lilikuwa limetandikwa shuka la maua, na mto wa mwanamke. Nani angefunua? Na leo, mtu niliyeitwa mwizi, niingize mkono chini ya kitanda cha Mhindi mbele ya mji mzima?

Nikatoa kichwa nje. "Bwana Naushad, waya umeingia chini ya kitanda."

Akasafisha koo. "Kitanda gani?"

"Hiki cha ndani."

"Chini yake kuna maboksi ya miwani tu."

"Naomba ruhusa nifunue."

Akamtazama mkewe, akawatazama wanaume wote wale, akaona haya. "Labda... tufunue kwangu nyumbani, faragha."

"Faragha ya nini?" Bi Khairun akaweka kikapu chini. "Mwaka mzima nasukumwa Chamwino na wanaume wa watu, nimekaa kitini kama bibi harusi wa mkosi, leo unaniletea faragha! Sogea, fundi." Akapanda ndani, akavuta godoro na shuka na mto akavitupa kwa mumewe kupitia mlangoni, akanipisha. "Funua, mwanangu. Kitanda ni mbao."

Nikatoa maboksi. Nikainua ubao.

Ilikuwa pale. Betri ya pili! Kubwa kuliko ya mbele, imevimba tumbo, vichwa vimeota unga mweupe na kijani, na waya mnene umeshikizwa juu yake. Nikaweka kiganja: ya moto. Sikuwahi kuona mambo hayo. Malori yana betri mbili, lakini zimekaa pamoja kama ndugu, hazijifichi vitandani. Kumbe magari yale ya kulala yana betri yake ya nyumba, ya taa na pampu ya maji, na katikati kiwanda huweka rilei, kiswichi kinachozitenga mbili hizo ukizima injini. Rilei ilikuwepo, imeungua, imerukwa na waya. Betri hii ilishakufa zamani, na mfu amefungwa mkono na mzima. Chukua vibuyu viwili, viunganishe kwa mrija, kimoja kina tundu: ujaze kile kizima mara tatu, mara mia, vyote vitakauka. Bwana Naushad alikuwa ananunua betri za mbele kulisha maiti iliyolala chini yake.

Na kwetu gari liliamka kwa sababu tulifungua betri ya mbele kila jioni! Sheria ya stoo ilimtenga mzima na mfu usiku kucha. Mwaka mzima tuliuficha ugonjwa kwa mikono yetu wenyewe, na mikono hiyo ilikuwa yangu.

"Nani ameweka waya huu?" akauliza Mzee Athumani.

Kila fundi pale aliujua ule ukanda wa tyubu, umezungushwa mara tatu na kuchomekwa ncha ndani. Mtu mmoja tu gereji alifunga hivyo. Bwana Naushad, bado amebeba godoro, akasema polepole, "Taa za ndani hazikuwa zinawaka nilipolinunua. Nilimpa Gaspari. Akazitengeneza siku moja."

"Niliweka kwa muda," akasema Gaspari.

"Kwa muda gani?"

"Mpaka ipatikane rilei."

"Rilei si zimejaa madukani siku hizi?"

Akajifuta mikono tena. Nikamwambia, "Uliniona jana. Uliona taa, ukajua. Na juzi ukasema mimi namimina asidi." Wengine husema alisahau tu. Mtu anaweza kusahau waya. Ule uso wake bandani, siku ile ya taa, haukuwa wa mtu aliyesahau. Gaspari Mlewa, kama uko hai na kuna mtu anakusimulia haya, ulijua.

Nikautoa ule waya, tukaitupa ile maiti, nikarudisha fyuzi zangu. Nikangoja Mzee Athumani aseme neno. Neno moja tu: Ndahani si mwizi. Wote walikuwa bado wamesimama pale, lingesikika.

Akapiga fimbo chini. "Haya, yameisha. Kila mtu kazini."

"Mzee, sema kwanza."

"Niseme nini? Gari si limepona?"

Gaspari alikuwa ameoa kwa Mzee Athumani. Nimemaliza. Nikaziweka spana mezani mwenyewe, moja moja, namba nane, namba kumi, zote, nikamwachia hata ile niliyoinunua mimi. Nikabeba balbu yangu nikatoka getini.

Sijafika mbali nikasikia muungurumo nyuma. Nyumba! Bwana Naushad akafunga breki, vumbi likatufunika sote.

"Panda."

"Nakwenda kwangu, Bwana Naushad. Wewe nenda Kibakwe, umechelewa."

"Kibakwe wana macho tangu wazaliwe, watangoja nusu siku. Panda." Bi Khairun akahamia nyuma akakaa kwenye mbao tupu za kitanda, akaniachia kiti. Mumewe akasema, hanitazami, anatazama barabara, "Nilikutaja duka kwa duka. Siwezi kukusafisha kwa barua."

Akaegesha mwanzo wa mtaa wa maduka, akanishika mkono, tukashuka. Alinikokota mchana kweupe kama ng'ombe wa mnada. Duka la vitambaa, duka la vipuri, duka la nafaka. Kila mlango anasalimia, anasema maneno yaleyale kwa sauti kubwa: "Huyu Ndahani nilisema ni mwizi. Nilikosea mimi. Ugonjwa ameupata yeye, chini ya kitanda changu." Watu wakacheka habari ya kitanda, naye hakujali, akawaacha wacheke, akanivuta mlango mwingine. Nilikuwa naona haya kuliko siku niliyoitwa mwizi, na nilikuwa na furaha ya kupasuka.

Mwisho tulifika kwa wanywa kahawa. Hapo ndipo habari za mji zinapopikwa. Wazee watano, vikombe mkononi. Bwana Naushad akasema yake mpaka mwisho. Mmoja akamalizia kikombe, akakung'uta machicha chini, akaniangalia nyusi zangu, akaingiza mkono kwenye kanzu, akatoa ufunguo wa gari.

"Langu ni lile jeupe pale," akasema. "Linalala kwangu, asubuhi haliamki. Chukua, kaa nalo mpaka ulijue."

Nikaupokea kwa mikono miwili.